Nusu ya Kushoto

Tangu kiharusi kilipompiga, Fundi alibakiwa na neno moja tu, na neno lenyewe lilikuwa "kesho."

Mtaa ulicheka kwanza, kisha ukaona haya. Fundi cherehani gani duniani asiyesema kesho? Kwa miaka ishirini na saba wateja walilisikia neno hilo mlangoni pake: suruali kesho, sare za shule kesho, gauni la bibi harusi kesho asubuhi na mapema. Sasa maradhi yalikuwa yamemnyang'anya maneno mengine yote, yakamwachia lile lililochakaa kwa kutumika. Ukimwuliza kama ana njaa, kesho. Ukimwuliza kama mguu unauma, kesho. Muuza mkaa wa jirani alisema yeye siku akipigwa atabaki anasema "bei imepanda," na mke wa Fundi, ambaye hakuwa amecheka miezi miwili, alicheka mpaka akakaa kizingitini, kisha akalia papo hapo.

Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, kilichotazama barabara. Ndani mlikuwa na cherehani mbili, moja ya kukanyaga na moja ya umeme iliyokoroma kama mzee. Meza ya kukatia iliyopauka kwa chaki. Benchi la wateja. Na kiti cha Fundi karibu na mlango, alipowekwa kila asubuhi. Mkono wake wa kulia ulilala mapajani kama mkono wa koti lisilovaliwa. Wiki za mwanzo alijitahidi. Alionyesha kwa kidole, akapandisha nyusi, akatoa kesho za kila namna, za juu na za chini, na watu wakawa wanabahatisha: maji? dawa? anataka kulala? Aliyekosea alicheka, aliyepatia alipiga makofi kama yuko kwenye mchezo wa watoto. Basi Fundi akaacha. Aligeuzia uso barabarani, na mtu akimsemesha hageuki. Daktari wa hospitali, aliyekuwa na foleni ndefu nje ya mlango, alisema huenda mgonjwa anaelewa, huenda haelewi, muda utaonyesha.

Kazi yote ya duka ikamwangukia binti yake, waliyemwita Sindano. Jina hilo alipewa na baba yake mwenyewe tangu mdogo, kwa wembamba wake na kwa jinsi alivyopita katikati ya watu bila kusikika. Sasa alikuwa na miaka ishirini na miwili. Shule aliiacha darasa la tano. Hakufukuzwa, wala hakukosa sare, maana sare alishonewa nyumbani. Ila kule mtoto husimamishwa asome kwa sauti, naye akisimama koo lilijifunga kama mfuko wa kamba. Siku moja alibaki dukani kuokota vifungo. Siku ya pili akabaki tena. Mpaka wazazi wanashtuka, mikono ilikuwa imeshajua kazi na miguu imeshasahau njia ya shule.

Mwenye kauli katika ukoo alikuwa Baba Mkubwa, kaka yake Fundi, karani wa posta aliyestaafu. Alikuwa mtu mwema, mwenye kupenda mambo yaishe na yagongwe muhuri. Alikuja kila siku ya pili, akakaa benchi la wateja, akazungumza na shemeji yake juu ya kichwa cha Fundi, kama watu wanavyozungumza juu ya ukuta. Alikuwa ameshapanga. Mdogo wake angehamia kwake, chumba cha uani chenye utulivu. Mke angemfuata. Sindano angekwenda kukaa kwa shangazi yake. Chumba cha mbele kingepangishwa kwa mtu wa simu, muuzaji aliyekuwa akitafuta duka. Aliwapa mpaka Jumapili ya mwisho wa mwezi.

"Shemeji, tusidanganyane," alisema. "Roho ya mdogo wangu imeshatangulia. Tulichoachiwa ni mwili, na mwili tutautunza. Lakini duka halifunguliwi na kiti."

Mama hakukubali wala hakukataa. Alikuwa amechoka. Alisema anapomwuliza mumewe hujibiwa kesho, na yeye hajui kama hiyo kesho inatoka kwa mtu au inatoka tu kama maji ya bomba bovu. Sindano alikuwa amekaa kwenye cherehani, akiingiza uzi. Moyoni alikuwa na maneno mengi: kwamba baba akihamishwa hapa ndipo atakapokufa kweli, kwamba mtu aliyekaa miaka yote hiyo akisikia mkasi ukila kitambaa huwezi kumpeleka uani akasikilize kuku. Hakusema hata moja. Uzi wenyewe ulikataa kuingia.

Katika wiki hizo hizo ndipo alipokuja Mwalimu.

Alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba, anayefundisha historia ya tiba katika chuo cha madaktari mwisho wa barabara. Chuo kilikuwa na chumba cha maonyesho, na watoto wa shule walikuwa wakiletwa kutembezwa. Vielelezo vya plasta vilikuwa vimeshavunjika, vya nta vimeyeyuka pua. Mwalimu alitaka vya kitambaa, ambavyo mtoto atashika, atafungua, atafunga, na vikianguka havitalia. Alitaka vichwa sita, vikubwa kama maboga, kila kimoja kikionyesha watu wa kale walidhani ubongo ni kitu gani na roho inakaa wapi. Vilihitajika Jumatatu ya mwisho wa mwezi.

Sindano alidhani anataniwa. Alitazama mlango kama kuna mtu mwingine wa kumjibu. Mwalimu alimwamkia shikamoo baba aliyekaa kitini, akamtazama kidogo, kisha akatandaza michoro yake mezani na kuanza kueleza kama vile kazi imeshakubaliwa.

Kichwa cha kwanza kilikuwa rahisi: kiwe kitupu. Wamisri wa kale walipomhifadhi maiti, alisema, walitia ndoana puani, wakauvuta ubongo vipande vipande wakautupa. Moyo waliuacha mahali pake, kwa sababu waliamini ndio unaofikiri. Sindano akashona kichwa chenye zipu utosini na ndani hakuna kitu, na chini yake moyo wa fulana nyekundu uliojaa pamba mpaka ukakaza. Kilichofuata kilikuwa cha Mgiriki mmoja mwenye akili nyingi aliyedhani ubongo ni wa kupozea damu ya moyo, kama mtungi. Kile akakijaza kitambaa cha kijivu kinachong'aa kama kimelowa, masalia ya bitana.

Cha tatu kilileta ubishi. Mwalimu alieleza kwamba tabibu mmoja wa zamani alimfunga nguruwe mbele ya wakubwa wa mji, nguruwe anapiga kelele, wakubwa wanaziba masikio. Tabibu akakata mishipa miwili myembamba kooni. Nguruwe aliendelea kurusha miguu, macho yamemtoka, lakini sauti hakuna. Wakubwa walikuwa wakiamini sauti na akili vinatoka kifuani. Tabibu akawaonyesha kwamba ile mishipa inatoka kichwani.

"Na nguruwe mwenyewe alikuwa yumo?" Sindano aliuliza. Lilikuwa swali lake la kwanza kwa yule mwanamke, na lilitoka dogo kama kikohozi.

"Yumo mzima," Mwalimu akasema. "Kilichokatwa ni kamba ya kengele. Mwenye nyumba alikuwa ndani."

Mama alikuwa anapita na beseni. Alisimama akasema anamheshimu sana Mwalimu, lakini mume wake asifananishwe na nguruwe ndani ya nyumba yake, kama hapana mnyama mwingine basi hata mbuzi. Mwalimu alicheka, akaomba radhi, akasema kwa kweli tabibu yule alijaribu na mbuzi pia. Mama akasema hapo sawa, akaendelea na safari yake.

Mwalimu akiondoka aliacha karatasi zake, kwa sababu maneno machache yalitakiwa yadariziwe juu ya kila kichwa. Sindano alisoma polepole, kidole chini ya neno. Na kwa kuwa kusoma kimya kulimchanganya, alisoma kwa sauti, mchana kukiwa hakuna mteja, baba yake akiwa pale mlangoni ameelekea barabara. Mbele yake hakuona haya. Huenda alikuwa anamsomea baba, huenda alikuwa anasomea kiti. Kwa namna zote mbili hapakuwa na mtu wa kumcheka. Alimsomea habari za wazee waliougawa ubongo vyumba vitatu, cha mbele cha kuwaza mapicha, cha kati cha kupima mambo, cha nyuma cha kukumbuka. Alimsomea habari za mwanafalsafa aliyeona kila kitu ubongoni kiko viwili viwili, ila tezi moja ndogo katikati, isiyo na pacha, akasema basi roho lazima imekaa hapo maana roho nayo ni moja. Sindano akatafuta kifungo kizuri cha lulu, kimoja, akakishona katikati, akasema kwa sauti kwamba huyo bwana alifikiri kama fundi: pasipo na pacha ndipo pa kifungo.

Akishamaliza karatasi aliendelea na mengine. Mdomo uliokuwa umefungwa miaka yote ukazoea njia. Alisimulia kwamba alikosea kipimo cha mke wa mchungaji akakisingizia kitambaa kwamba kimenywea. Kwamba anamwogopa shangazi. Kwamba yule fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, mwenye kucheka na jino la pembeni, amemrudishia kandambili zake amezitia gundi bila kuambiwa, na yeye hajui aseme nini.

Kichwa cha sita ndicho kilichomkaa rohoni. Jumanne Mwalimu alikaa benchi akakieleza taratibu. Palikuwa na mgonjwa hospitalini, ng'ambo huko, zaidi ya miaka mia moja na hamsini iliyopita, ambaye kwa miaka ishirini na moja hakuweza kusema ila silabi moja. Ukimwuliza hili, silabi ile. Ukimwuliza lile, silabi ile ile. Wengi walimdhani ameharibika akili. Lakini ukimwuliza saa alionyesha kwa vidole, na ukimkera alikasirika kama mtu yeyote. Mkono wake wa kulia nao ulikuja ukafa. Alipofariki, daktari wake aliufungua ubongo, akakuta tundu kama yai la kuku, upande wa kushoto, mbele kidogo ya sikio.

"Kushoto," Mwalimu alirudia, akagonga mchoro. "Nusu ya kushoto ndiyo inayoendesha mkono wa kulia, na kwa watu wengi ndiyo yenye maneno. Hiyo alama nyekundu ndiyo habari yenyewe. Ikikosewa, kichwa kizima ni bure."

Sindano aliuliza kama basi walipata roho inakaa wapi. Mwalimu alivua miwani akaifuta kwa pindo la gauni.

"Wameitafuta kwa kisu zaidi ya miaka elfu mbili, mwanangu. Walichokuta ni kazi zake: hapa panasema, pale panaona. Mwenye kazi hawajamkuta amekaa popote. Ndiyo maana mimi nikimwona mtu amenyamaza, sithubutu kusema hayupo."

Wakati anatoka alimuaga Fundi. Fundi hakugeuka.

Sindano aliifanya kazi ile kwa mikono yake yote na kwa akili yake yote, na pengine ndiyo sababu alikosea. Fundi cherehani yeyote hupiga chaki upande wa ndani wa kitambaa, ili nje pasichafuke. Akikata mikono ya shati hukunja kitambaa mara mbili, mkono wa kushoto na wa kulia vikazaliwa pamoja kama mapacha, kila mmoja na upande wake. Lakini ubongo huu ulikatwa nusu moja moja, kwa kuwa alitumia vipande vya mabaki. Alinakili mchoro wa Mwalimu upande wa ndani, kama alivyozoea, akapiga bandi, ule mshono wa muda, kwa uzi mweupe kuonyesha mahali pa alama nyekundu, akakata, akashona, akageuza nje. Na kitambaa kikigeuzwa, kushoto huwa kulia. Kwa shati angeligundua kabla ya kula mchana, maana shati lina mvaaji. Ubongo hakuna aliyewahi kuuvaa akarudi kulalamika. Nusu mbili zilikutana vizuri, mikunjo ikafuatana, alama nyekundu ikakaa imara mbele ya sikio la kulia, na Sindano akaufungia ndani ya kichwa na kuvuta zipu. Aliona ni kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya.

Jumamosi mchana Baba Mkubwa alifika, siku moja kabla ya muda wake. Mtu wa simu alitaka vipimo vya chumba ili aagize kabati la kioo. Baba Mkubwa alitafuta cha kupimia, akaona tepu ya Fundi imening'inia msumarini juu ya cherehani, akaitwaa. Akaanza kupima ukuta, kutoka pembe ya mlango mpaka dirishani, akisoma namba na kuandika kiganjani. Alipofika penye kiti aliruka miguu ya mdogo wake kama mtu anayeruka kidimbwi. Mama alisimama mlango wa ndani, mikono imejaa unga. Sindano alisema pasi imepata moto, akakimbilia uani, na huko alisimama mbele ya pasi ambayo hata haikuwa imechomekwa.

Aliporudi, aliona Baba Mkubwa amekauka katikati ya chumba, tepu mkononi, na anamtazama Fundi.

Fundi alikuwa amekivuta kichwa cha sita kutoka ukingo wa meza uliokuwa karibu na kiti chake. Zipu ilikuwa wazi. Ubongo ulikuwa nje, ameubana katikati ya magoti, na katika mkono wake wa kushoto alishika wembe uliokuwa hapo hapo mezani.

"Ndiyo haya niliyokuwa nikisema," Baba Mkubwa alisema kwa sauti ya chini. "Sasa anaharibu kazi za watu. Kesho atajikata mwenyewe. Mdogo wangu, lete. Lete hapa." Akanyoosha mkono kuunyang'anya.

"Kesho," Fundi akasema. Hakupayuka. Alisema meno yameumana.

"Mwache, Baba Mkubwa."

Baba Mkubwa aligeuka kumtafuta aliyesema. Miaka ishirini na miwili alikuwa hajasikia kitu kutoka kwa mtoto yule ila shikamoo na karibu chai.

"Ana wembe, mwanangu."

"Hakati kitambaa. Tazama mkono. Anafumua."

Na kweli alikuwa anafumua. Ncha ya wembe ilipita chini ya uzi mmoja, ikaruka miwili, ikapita chini ya wa nne, kama alivyokuwa akiwafundisha wanagenzi wake, ili mshono utoke bila kujeruhi nguo. Mkono wa kushoto haukuzoea, ulitetemeka, na jasho lilimshuka shingoni. Uzi akauvuta kwa meno akautema. Hakuna aliyesogea. Ile alama nyekundu ikalegea pembe moja, ikalegea ya pili, ikatoka nzima. Fundi akaweka wembe chini, mbali na mguu wa kaka yake. Akaichukua ile nyekundu, akaibandika juu ya kichwa chake mwenyewe, upande wa kushoto, mbele kidogo ya sikio, akaishikilia hapo. Kisha akamtazama binti yake. Lilikuwa jicho ambalo Sindano alilijua tangu utotoni, jicho la fundi aliyeletewa shati lililoshonwa mfuko mgongoni.

Sindano alitazama mchoro. Akatazama kile kichwa chenye pua na midomo, akahesabu kushoto kwake na kulia kwake. Akahesabu tena.

"Nimeipindua," alisema. "Nilipiga chaki ndani, nikasahau kuigeuza."

"Umepindua nini?" Baba Mkubwa aliuliza.

Akaeleza. Alieleza chaki na bandi, nusu mbili, mgonjwa wa silabi moja, yai la kuku, mkono wa kulia unaoendeshwa na kushoto. Hakuwahi kusema maneno mengi kiasi hicho mbele ya watu wazima watatu, na koo lilimkauka lakini halikufunga. Mama alikuwa amekwisha kaa juu ya gunia la mabaki, unga na yote.

"Na yeye haya nani kamwambia?" Baba Mkubwa akauliza.

"Mwalimu, Jumanne. Alikuwa ananiambia mimi. Baba alikuwa amekaa hapo hapo."

Baba Mkubwa alitazama benchi, kisha akatazama kiti. Walimwona anafikiri, na fikra zenyewe zilikuwa kama zinasomeka. Kama Jumanne mdogo wake alisikia kushoto na kulia, basi Jumatatu alisikia nini? Na wiki iliyopita? Habari za roho iliyotangulia zilisemwa kwenye benchi lile, hatua tatu kutoka kwenye kiti. Chumba cha uani. Mtu wa simu. Hata lile la nani atarithi koti la kijivu, alilolisema kwa mzaha, akidhani mzaha haumfikii mtu. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Lakini huyu alikuwapo, siku zote, na lake walikuwa wakiligawana mbele ya macho yake.

Alikwenda akachuchumaa mbele ya kiti, magoti yakalia. Kwa mara ya kwanza tangu maradhi, aliutazama uso wa mdogo wake badala ya kupita juu yake.

"Ulikuwa unanisikia?"

Fundi alimtazama.

"Yote?"

Fundi akainamisha kichwa, mara moja, polepole. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akachukua tepu kutoka vidoleni mwa kaka yake, akaivaa shingoni.

Baba Mkubwa aliitazama ile tepu. Mtu aliyegonga mihuri miaka thelathini na mitano alikosa wino. Alishika ule mkono wa kulia uliokufa, akaukumbatia kwa mikono yake miwili, akalia bila sauti, mabega yakiruka. Mama naye akaanza. Sindano hakulia. Alikuwa ndio kwanza amekumbuka habari za fundi viatu, jino la pembeni na gundi, na kipimo cha mke wa mchungaji, na uso ulikuwa unamwaka moto mpaka masikioni. Alimwibia baba yake jicho. Upande mmoja wa mdomo wa Fundi, ule mzima, ulikuwa umepanda.

Jumapili Baba Mkubwa alikuja asubuhi, na mtu wa simu hakuja naye. Alisema kwa kifupi kwamba kabati la kioo litatafutiwa ukuta mwingine. Alikuwa amekaa usiku akafikiri namna ya kumwuliza mtu asiye na maneno, na amekuja na karatasi aliyoichora mwenyewe: nyumba yake upande mmoja, duka upande wa pili, michoro mibaya kiasi kwamba Mama aliuliza kama ile ni nyumba au ni ng'ombe. Fundi hakuitazama hata dakika. Aliweka kidole juu ya duka. Kisha, kwa kuwa kaka yake alikuwa bado anamwangalia kwa wasiwasi, akakiweka tena kwa nguvu, karatasi ikatoboka.

"Haya, nimekusikia," Baba Mkubwa akasema. "Na mimi nisikie, mdogo wangu. Nilikosea. Unisamehe."

Fundi alimpigapiga begani, haraka haraka, kama mtu anayekung'uta pamba kwenye koti, akamwonyesha kichwa cha sita kilicholala mezani kimefumuliwa. Kazi ilikuwa bado.

Ikashonwa upya siku hiyo. Sindano alitaka kuifanya peke yake, lakini baba yake alisogezwa mezani kwa amri yake mwenyewe, na kilichokosekana kilikuwa mkono wa kulia. Baba Mkubwa akakopesha wake. Alitakiwa ashike kitambaa, avute kidogo, aachie kidogo, asipumue juu ya chaki. Hakujua hata kimoja. Alivuta palipotakiwa kuachiwa, akajichoma, akashika bitana akidhani ndiyo nguo. Kila alipokosea alipigwa kofi dogo la mkono na kupewa kesho moja kali, na baada ya saa mbili alilalamika kwa shemeji yake kwamba posta, katika miaka yote, hakuna bosi aliyemwonea hivi. Mama akamjibu kwamba wanagenzi wote walikuwa wakisema hivyo hivyo, na hakuna aliyetoka hapa hajui kazi.

Jumatatu Mwalimu alikuja kuchukua vichwa, akamkuta Baba Mkubwa naye yupo. Alivifungua kimoja kimoja, akacheka kwa kifungo cha lulu, na alipofika cha sita aligeuza, akapapasa mishono, akaona ule mpya hauko sawa na mingine. Ulikuwa umekwenda upogo kidogo, kama wa mtu anayeandika kwa mkono mwingine. Akauliza. Sindano alimweleza yote, la kosa lake pia, bila kuificha chaki.

Mwalimu aliupapasa tena ule mshono wa upogo. Kisha akachukua mchoro mwingine aliokuwa ameukunja kwapani, ambao alisema hakuwa na uhakika kama unashoneka: kichwa cha siku hizi, chenye njia zote za mishipa, elfu kwa elfu, zikipishana kutoka kushoto kwenda kulia. Wanaoshughulika na mambo haya sasa wanasema njia moja ikikatika, nyingine mara nyingine hujifunza kazi, polepole, kwa mazoezi. Hakutaka kuahidi kitu, lakini chuoni kuna mwenzake anayewafundisha watu waliopoteza maneno, na angeweza kuja Alhamisi kama mwenye nyumba ataridhia.

Hakuutandaza mchoro mbele ya Sindano. Alipita meza, akautandaza mapajani mwa Fundi.

"Fundi, hii utaiweza?"

Fundi aliinama juu ya karatasi. Alifuata njia moja kwa kidole, kutoka nyuma mpaka mbele, akapotea, akarudi akaanza tena. Nje pikipiki ilipita, na fundi viatu alikuwa anagonga soli. Hakuinua macho. Mwishowe aliomba chaki kwa kufungua kiganja, na Sindano akampa. Akamwashiria kaka yake alete kitambaa, kile cheupe, na Baba Mkubwa akakileta, akakitandaza, akalainisha mikunjo kwa viganja vyote viwili.

Fundi alikitazama kitambaa. Kisha akakishika pembe, akakipindua, upande wa ndani juu, akamsubiri binti yake aone kwamba amekipindua. Sindano akaitika. Ndipo akapiga mstari wa kwanza, uliopinda, akaufuta kwa kiganja, akapiga mwingine.